Jiwe Mfukoni mwa Effie

"Ukifia humu mimi sikubebi," Effie alisema bila kugeuka. "Nitakuviringisha tu mpaka barabarani."

"Basi nitafika kabla yako," Wattie alijibu kutoka ndani ya wingu, akihema kama mbwa mzee. "Na chai nitaimaliza."

Wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima tangu asubuhi, zito, likiwadondoshea matone puani. Hilo halikumsumbua mtu; Uskoti nzima, mvua ikinyesha wima badala ya ubavuni, watu husema leo hali nzuri. Kilichomsumbua Effie ni goti la mumewe. Kila hatua lilikuwa linagonga kama mfuniko wa sufuria inayochemka. Wiki ijayo lingepasuliwa, na daktari hakumung'unya maneno: baada ya hapo, milima basi.

Na ulibaki huu mmoja tu. Tangu uchumba waliapa kuimaliza milima mirefu yote ya nchi yao, wote wawili mpaka juu, kila mmoja akiweka kileleni jiwe lake aliloliokota chini. Hakuna kutumana.

Mwinuko ukaisha ghafla. Mbele yao likajitokeza rundo la mawe, alama ya kilele.

"Ndilo hilo!" Wattie aliweka jiwe lake, akalipapasa kama kichwa cha mtoto, kisha akaketi kwa kishindo na kuchomoa kichupa cha wiski. Machozi yalimtoka; akausingizia upepo. "Tumemaliza, bibie! Yote!" Akainama kufungua kiatu. Goti lilikuwa limeumuka kama mkate uliozidishiwa hamira.

Effie alikuwa ameshalishika jiwe lake mfukoni, limepata joto la mkono, upepo ulipolichana wingu. Ng'ambo ya bonde dogo akakiona: kilele kingine, kirefu kuliko hiki, na rundo lake kubwa la mawe. Kilele halisi cha mlima kilikuwa kule. Kisha wingu likakifunika tena.

Kwenda na kurudi, saa nzima, tena kwa mwenye magoti mazima. Angeweza kukimbia peke yake. Lakini peke yake ili iweje?

"Umeona nini?" Wattie aliuliza, kiatu mkononi.

Effie alikuwa mpishi wa shule. Miaka nenda rudi amewaambia watoto supu imekwisha, uso mkavu kabisa, kumbe upawa mmoja ameubakiza chini ya sufuria kwa ajili ya mchelewaji.

"Kondoo," alisema.

"Kondoo ndiye umkodolee macho hivyo?"

"Ana sura kama yako. Lete hiyo wiski."

Walikunywa. Wattie aliimba vibaya mpaka wingu lenyewe likaonekana kutaka kuondoka. Kisha wakashuka polepole, yeye akimwegemea begani. Walipofika kwenye lango la malisho, chini ya wingu, alitia mkono mfukoni mwa koti la mkewe kutafuta tofi, kama kawaida yake. Mkono ukatoka na jiwe.

Alilitazama. Akautazama mlima, ambao haukuonekana.

"Hukuliweka."

"Nilisahau."

"Wewe? Usahau?"

Effie akashughulika na komeo la lango, ambalo lilikuwa wazi.

"Yule kondoo," Wattie aliuliza, "alikuwa mbali?"

"Siyo mbali sana."

Wattie akalirudisha jiwe mfukoni mwa Effie, taratibu, akaifunga zipu mpaka mwisho.