Ng'ombe wa Jumapili

Mzee Bonaventure wa kanisa letu alipenda kusema kwamba mimi, Suzanne, nilipewa kinywa kabla ya kupewa masikio. Sawa. Kinywa hicho ndicho kilichofundisha darasa la ubatizo pale Lweba, kando ya ziwa, mwaka wa 1954, vijana kumi, na sikukikodi kwa mtu.

Jumapili moja kabla ya ubatizo niliwasomea habari za ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato. Nikauliza: mwenye ng'ombe amtoe, au angoje kesho? Vijana wa ziwani wakainamisha vichwa, wakitafuta jibu la kumpendeza mwalimu. Kabanyana, binti wa wafugaji walioshuka kutoka milimani, alicheka mpaka akajifunika uso.

"Mama Suzanne, ile ni ulizo gani? Ngombe ikianguka mu shimo, kwetu hakuna muntu anauliza leo ni siku gani."

Hapo Marie akaanza kulia. Baba yake, Isidore mvuvi, alikuwa kitandani wiki ya tatu, mguu umevimba, na shamba lake la pamba, ambayo serikali ya kikoloni ililazimisha kila mtu kuilima, lilikuwa limemezwa na magugu. Kesho yake asubuhi moniteri, msimamizi wa pamba wa serikali, angekuja kukagua. Mwaka uliotangulia jirani yao alikutwa na shamba la namna hiyo. Alichapwa fimbo, akafungwa gerezani Fizi, akarudi hawezi hata kuinua kasia.

"Na baba iko mu shimo," Marie akasema. "Alinikataza kusema. Anaona haya."

Hasira ilinipanda. Kulima siku ya Bwana, kanisani kwetu, ilikuwa dhambi ya kufutiwa jina, na nililijua hilo vizuri. Nikafunga Biblia.

"Mwende mulete majembe," nikawaambia.

Tulipalilia mpaka jua likaelekea kuzama. Kabanyana, ambaye hakuwa ameona pamba maishani mwake, aling'oa miche minne akidhani ni magugu, na Marie akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mzee Bonaventure akapita njiani, Biblia kwapani, akasimama ghafla.

"Suzanne! Unaharibu batoto ya Mungu!"

"Kuya kusaidia, muzee. Jembe iko."

Hakuja. Kesho yake moniteri alikuja, akalizunguka shamba, akaandika kwamba ni safi, akaenda zake.

Jumapili ya ubatizo, vitambaa vyeupe vya ubatizo vimefuliwa na akina mama wote wamefika, Mzee Bonaventure alisimama mbele na orodha yake na kalamu ya risasi.

"Majina hii nitafuta yote," akasema. "Lakini mi niko na huruma. Mwalimu aseme neno moja tu, kama alikosea, na batoto bote babatizwe leo."

Nikasimama. Nitasema kweli: nilitaka kulisema. Wengine kati ya vijana wangu walikuwa wamengoja miaka miwili. Mimi ni nani hata kiburi changu kiwanyime maji? Neno lilikuwa limeshafika ulimini.

Kabanyana akasimama bila kuitwa.

"Muzee, ngombe ilishatoka mu shimo," akasema. "Hatutairudisha."

Marie akasimama kando yake, kisha wengine wote, kitambaa cheupe baada ya kitambaa cheupe. Nikalimeza lile neno, na sijawahi kumeza kitu kitamu kama hicho.

"Umesikia, muzee," nikasema. "Futa."

Akafuta, jina moja moja, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Sisi tukahamia benchi la nyuma, la waliotengwa. Isidore, ambaye siku hiyo angekuwa gerezani, aliacha nafasi yake ya mbele, akachechemea hadi kwetu, akaketi ukingoni na kuunyosha mguu wake mbovu katikati ya njia. Ibada ilipokwisha, Mzee Bonaventure ilimbidi auruke ndipo atoke.