Mchanga wa Mtungi

Siku tatu mfululizo simu ya daktari iliita mpaka ikanyamaza, na Mama Cecil akaitazama tu. Mama mzima, kiongozi wa Umoja wa Akina Mama kanisani hapo Kitangari, eti anaogopa simu. Lakini usimcheke. Kwa wiki tatu sukari yake ilikuwa ikipanda tu, kumi na nne, kumi na nane, ishirini na moja, na kila Jumatano alimsomea kwa simu Daktari Gwakisa, aliyekuwa Masasi, namba mbaya kuliko za wiki iliyopita. Sasa kidole cha mguu kilikuwa kimeanza kufa ganzi. Dada yake Julia, kule Lulindi, alianza hivyo hivyo. Kwanza ganzi, kisha wakakata mguu, kisha wakamzika.

Kilichomuuma zaidi ni neno la nyumbani. Msimu wa korosho ulikuwa umefika, mabibo, yale matunda yake matamu, yametapakaa chini ya mikorosho, na mwanawe Cecil akamwambia mbele ya watu kwamba anayala kwa siri. Yeye, anayejidunga insulini asubuhi na jioni bila kukosa! Alimeza uchungu wake, akasema moyoni, basi, na nife, wapumzike.

Siku ya nne Dina, mke wa Cecil, aliipokea simu mwenyewe, akaiegemeza kwenye kikapu. Uso wa daktari ukatokea.

"Shikamoo, Mama Cecil."

"Marahaba, Daktari. Leo sijapima."

"Sijauliza sukari. Nakuuliza wewe. Unalala? Unakaa na wenzako mkaongea?"

Tangu augue, nani alimuuliza hayo? Wote walitaka namba. Mama Cecil alifungua mdomo aseme hajambo, machozi yakamtangulia. Daktari hakumkatiza, alimngoja mpaka akatulia.

"Nimechoka kuwa mzigo," alisema mwishowe. "Mwanangu ananiona mwongo. Na huyu mkwe wangu ana mimba ya miezi minane, bomba limekauka, anashuka bondeni kufuata ndoo moja ya maji. Nimwongezee na ya mtungi? Hapana. Ya mtungi nimeyaacha."

"Mtungi gani, Mama?"

"Wa dawa."

Nyumba hiyo haikuwa na friji. Insulini ilikaa ndani ya mtungi mdogo uliotumbukizwa katika mkubwa, katikati mchanga, na mchanga huo sharti uloweshwe asubuhi na jioni ndipo dawa ipate ubaridi. Dina aliusogeza mtungi mbele ya simu, akatia vidole. Mchanga ulikuwa mkavu, una joto, kama wa barabarani.

Daktari aliinama, akashika paji la uso.

"Mama Cecil, hukula mabibo na hukuruka sindano. Dawa imeharibika kwa joto. Kichupa hicho usikiguse tena. Nenda kituo cha afya sasa hivi, nawapigia wakupe kingine, na huo mguu wauangalie. Cecil nitaongea naye mimi." Kisha akasema, "Ulimhurumia mkweo. Mimi ndiye niliyepaswa kukuuliza mapema, nikabaki na namba tu."

Mama Cecil alijifunika uso kwa kitenge. Aibu ilimpata, na nafuu pia ikampata, vyote kwa pamoja. Alipofunua uso, Dina alikuwa ameinama na ndoo, tumbo limembana, anamimina maji mchangani kidogo kidogo.

"Hayo si ya kuoga wewe, mwanangu?"

"Nitaoga kesho." Dina hakuinua uso. Alikuwa analia, na sauti yake ilikuwa na hasira. "Ndoo naiweza, Mama. Kukuzika siwezi."

Mama Cecil alimfuta machozi kwa pindo la kitenge chake. Kisha akauliza viatu vyake viko wapi.