Madoa ya Kidoti

Mtaani kwetu mimi ndiye mwanamke wa kwanza wa umri wangu kuingia chumba cha leza bila kutetemeka hata ukucha. Nimelisema hilo kwenye vikao viwili vya akina mama na nitaendelea kulisema. Ni kweli pia kwamba mgonjwa hakuwa mimi. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba.

Mgonjwa alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja. Tangu utotoni tunamwita Kidoti, kwa sababu alizaliwa na alama ndogo nyeusi chini ya mdomo, kama mtu aliyejaribu kalamu pale akaona inaandika. Siku hizi kidoti chenyewe hukioni. Kimemezwa na wenzake. Mashavu yote mawili, paji la uso, hadi chini ya taya kumejaa mabaka ya rangi ya majivu yaliyochanganyika na buluu, na ukipitisha kidole unahisi vichembe vichembe kama mchanga uliobaki kwenye sufuria.

Zamani Kidoti alikuwa karani wa dirisha la tiketi kwenye kituo cha mabasi. Alikaa nyuma ya kile kioo chenye tundu miaka tisa, anajua nani anasafiri kwa msiba na nani anatoroka mke, anajua wa kutaniwa na wa kuachwa. Halafu abiria wakaanza kumwuliza. "Dada, uliungua?" "Ni jiko la gesi, eh?" Mtoto mmoja akamwambia mama yake kwa sauti kwamba yule mama amesahau kunawa. Kesho yake Kidoti akaomba ahamishiwe stoo, kwenye mizigo iliyosahaulika. Masanduku hayana macho. Amekaa huko miaka ishirini na sita, na sasa umebaki mwaka mmoja na nusu astaafu.

"Dada," aliniambia, "nataka nimalizie dirishani. Hata mwezi mmoja. Nisitoke kazini kwa mlango wa nyuma kama niliiba."

Ndivyo tulivyofika kwenye kliniki ya ngozi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae.

Ukutani walibandika picha za kabla na baada. Nilizikagua sana. Mwanamke wa kabla amenuna na hajachana nywele. Wa baada ni yule yule, ila anacheka na ana hereni.

"Hapa ugonjwa ni kukosa hereni," nikamnong'oneza Kidoti.

Akacheka, mkono usoni. Amezoea kucheka akijifunika.

Kando yetu walikaa dereva wa lori, shingo nene, na mke wake wa sasa. Nasema wa sasa kwa sababu shingoni, chini ya sikio la dereva, kulikuwa na tatuu ya jina la mke wa kwanza. Huyu wa sasa alikaa upande ule ule wa jina, kama askari wa lindo.

"Hii safari ya ngapi, mwanangu?" nikamwuliza.

"Ya sita, mama."

"Na jina bado nalisoma, mimi na macho yangu haya."

"Mwanzo umefutika, mwisho umegoma," mke akadakia. "Mwenye jina naye alikuwa hivyo hivyo. Kuhama alihama, vyombo akaacha."

Dereva akatugeuzia shingo. Pale jina lilipogoma palikuwa na kovu limevimba, linang'aa kama nta iliyomwagika. "Kosa langu," akasema. "Waliniuliza nilichorwa wapi. Nikaona aibu, nikasema dukani, mashine ya kisasa. Kumbe alinichora dereva mwenzangu, pembeni ya barabara, kwa sindano ya kushonea na masizi ya tairi. Leza ilipopiga pale ngozi ikaungua."

"Ungesema ukweli?" Kidoti akauliza.

"Wangepunguza nguvu. Wino ungetoka polepole lakini salama."

"Mficha uchi hazai," mke wake akasema, akampangusa shingo kwa leso, kwa upole ambao sikuutegemea.

Kidoti akatikisa kichwa kwa huruma. Mimi nikaanza kutafuta ndani ya mkoba kitu ambacho sikukiweka.

Sasa niseme nilichokuwa nacho rohoni. Miaka thelathini na moja iliyopita nilikuwa mfagiaji wa saluni. Nikifagia nywele huku masikio yangu yakiwa kazini, nikasikia wanawake wanavyotafuta weupe kama watu waliopoteza funguo. Nikajifunza kukoroga krimu. Sitaandika nilichotia, maana wapo wenye macho makali na mabeseni matupu. Itoshe kwamba kitu kimoja kilitoka famasi bila karatasi ya daktari, na kingine kilitengenezwa kwa ajili ya mashuka. Nilikoroga bafuni kwangu, kwa mwiko uliovunjika mpini, nikajaza vikopo, nikabandika juu picha ya mwanamke niliyemkata kwenye kalenda. Nikasema imetoka ng'ambo. Vikopo vikaisha kabla sijanawa mikono.

Kidoti alikuwa karibu kuolewa. Shangazi wa bwana harusi akasema mbele ya wageni kwamba binti ni mzuri, ila mpiga picha aje na taa kubwa. Kidoti akaja kwangu analia. Nikampa kopo. Akalinusa, akasita.

"Halitaniunguza, dada?"

"Mimi mwenyewe napaka kila siku," nikamwambia. "Unaniona nimeungua?"

Akapaka. Akang'aa, na shangazi akanyamaza. Alipokuja na baka la kwanza, nikamwambia dawa inavuta uchafu nje, aongeze. Akaongeza. Hilo neno, aongeze, ndilo linaloniamsha. Alipokuja na baka la tatu niliacha kukoroga, nikatupa mwiko, lakini sikumwambia mtu kwa nini.

"Na mbona wewe huna hata doa?" aliniuliza wakati ule.

Nikasema ngozi ni bahati. Mimi nimechukua ya mama, yeye kachukua ya baba. Akakubali. Tangu siku hiyo mdogo wangu ameishi akiamini ubaya ulikuwa kwenye ngozi yake mwenyewe, na baba yetu akabebeshwa lawama akiwa kaburini, asiweze kujitetea. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetembea miaka thelathini na moja na bado ina nguvu. Aliyechoka ni mimi.

Wakatuita. Chumba cha leza ni kidogo, hakina dirisha. Kina kitanda cha kulala kilichofunikwa karatasi, na mashine yenye mkono mrefu wa kukunjika, imesimama pembeni kama korongo anayefikiri. Daktari alikuwa binti mdogo, sauti taratibu, kucha fupi. Akatupa miwani mizito ya kukinga macho. Nilipovaa, kila mtu akawa kijani, na mimi nikajiona mrembo kuliko wote.

Daktari akamshika Kidoti kidevu, akamgeuza huku na huku, akasoma yale mabaka kwa kioo cha kukuzia. "Mama, haya ni ya krimu. Ilikuwa krimu gani?"

"Ilitoka ng'ambo," Kidoti akasema. "Kopo la kifuniko chekundu. Alikuwa ananiletea dada."

Daktari akanigeukia. "Bibi, unakumbuka jina lake? Nina sababu ya kuuliza kabla ya kugusa. Leza haijui kusamehe. Nikipiga juu ya kitu nisichokijua, baka linaweza kuwa jeusi zaidi, na hilo silitoi tena."

Nikaiona shingo ya dereva. Nikauona na uso wa Kidoti, macho yamefumbwa, ameutoa mzima mzima kama sahani.

"Haikuwa ng'ambo," nikasema. "Nilikoroga mimi."

Nikamtajia daktari nilichotia, kimoja kimoja, naye akaandika. Alipoandika cha tatu kalamu ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Kidoti alifumbua macho akawa anatazama dari.

"Ng'ambo ya wapi basi?" akauliza hatimaye.

"Ng'ambo ya ukuta wa bafu langu."

Nilidhani atanitukana. Tumbo lake likaanza kutikisika juu ya kile kitanda. Alikuwa anacheka, na machozi yanamwingia masikioni. "Na yule mwanamke wa kwenye kopo?"

"Wa kalenda ya kampuni ya rangi za nyumba."

"Nilikuwa namwonea wivu yule." Akajipangusa kwa kiganja. "Sawa, dada. Ungekuwa umenipa mimi peke yangu, nisingekusamehe. Lakini na wewe ulipaka. Tulikuwa wajinga wawili, chungu kimoja."

Hapo ndipo penye mlango, msomaji wangu. Ulikuwa wazi, na mimi nilikuwa nimesimama kizingitini. Ningesema neno moja tu.

"Chungu kimoja," nikasema.

Daktari akaeleza kwamba atapunguza nguvu, apige mahali pamoja tu leo, chini ya taya, wasubiri wiki nane waone ngozi inajibu nini. Hayatakwisha yote, alisema. Yatafifia. Akikaa mbali na jua na akipaka dawa ya kukinga, kufikia mwakani watu watamwangalia usoni bila kuuliza kitu.

"Nyuma ya kioo je?" Kidoti akauliza.

"Nyuma ya kioo mapema zaidi."

Mashine ikalia tak, tak, tak, kama tone la maji kwenye mafuta ya moto. Kidoti akaruka kidogo.

"Inaumaje?" nikamwuliza.

"Kama mpira wa sketi umekatika ukanichapa."

Mara tano, ikaisha. Pale chini ya taya pakawa na weupe wa jivu, kisha pakawa pekundu. Daktari akampa Kidoti kitambaa baridi ajikandie, akaanza kujaza fomu yake.

"Bibi, ulipokuwa unakoroga, ulikoroga kwa mikono? Maana ingekuunguza."

"La, nilivaa glavu," nikasema, kwa haraka ya mtu anayetaka kuonekana msafi.

Kitambaa kilisimama kwenye taya ya Kidoti. "Ulivaa glavu?"

"Za mpira. Zile za kuoshea vyoo."

"Kukoroga kitu cha kupaka usoni?"

"Kulinda kucha," nikasema. "Nilikuwa na kucha nzuri wakati ule."

Kidoti akainuka, akakaa, miguu inaning'inia kitandani. Halafu akamwambia daktari, kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia dirishani kumwuliza abiria tiketi ya nani hii, "Mwanangu, hebu mpime na dada. Alipaka ile ile, tena zaidi yangu, na yeye akapona. Labda kuna kitu alifanya mimi sikufanya. Labda kitanisaidia."

"Kwa kweli kingenisaidia hata mimi," daktari akasema.

"Mimi mzee," nikasema. "Uso wangu umejaa mikunjo, mtapotea humo."

"Kaa, dada."

Nikakaa. Daktari akazima taa ya darini, akawasha taa ndogo ya zambarau, akanisogezea usoni. Akapita paji, akapita pembe za macho, akakunja masikio yangu akatazama nyuma yake. Akaniomba mikono. Akatazama vifundo vya vidole kimoja kimoja, kama anayehesabu kuku. Kidoti alisimama begani kwake, anatazama kila anachotazama. Nilisikia feni ya mashine inavuma.

"Alipaka miaka mingapi?" daktari akauliza.

"Mitatu," nikasema.

"Minne," Kidoti akasema. "Uliniambia minne."

Daktari akawasha taa. Hakunitazama mimi. "Aliyepaka mchanganyiko ule miaka mitatu, hata mmoja, huwa anabaki na alama. Vifundo vya vidole huwa vya kwanza. Kwa bibi sioni. Uso huu haujaguswa na krimu ile." Akaanza kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimepangika.

Kidoti alinitazama. Miaka yote hii nimezoea kutazama mabaka yake nikizungumza naye, nikasahau kwamba kuna macho. Ni macho ya mama.

"Kwa hiyo ngozi ya baba haikuwa na kosa," akasema.

Ningeweza kulia pale. Ningeweza kumshika mikono nikamwambia: nilijua, mdogo wangu, nilijua tangu siku nilipovaa glavu ya kwanza. Maneno nilikuwa nayo, yamejipanga. Lakini ulimi uliozoea uongo ni kama punda wa mwuza maji, ukiulegeza unakwenda wenyewe kule kule.

"Nilikuwa napaka miguuni," nikasema.

Daktari akakohoa, akageukia mashine yake. Kidoti akashuka kitandani, akapiga magoti sakafuni, magoti yale yanayomsumbua kila asubuhi. Akafungua kamba za kiatu changu cha kulia, akavua kiatu, akavuta soksi taratibu, kama anavyofanya ninapougua. Akaupakata mguu wangu, akaugeuza kwenye mwanga. Ulikuwa mweusi, laini, rangi moja kutoka kifundo hadi kidole cha mwisho.

"Nivue na wa pili, dada," akauliza, "au utasema mwenyewe?"