Wimbo wa Tisa wa Yusta

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza. Naapa kwa greda niliyoendesha miaka thelathini na moja kati ya Handeni na Korogwe kabla sijastaafu. Anayebisha aje kwangu Mazingara, nitamwonesha suruali niliyovaa siku hiyo. Vumbi lake bado lipo, nimekataa isifuliwe.

Nina mtani anaitwa Ponsiano. Yeye Mnyamwezi, mimi Mzigua. Baba yake aliletwa huku kukata mkonge, mkataba ukaisha, njia ya kurudi Tabora akaisahau. Hivyo ndivyo ninavyomwambia kila tukikutana. Yeye hunijibu kwamba nikifa watachimba makaburi mawili, moja langu na moja la ulimi wangu. Nyumba yake iko Mkumbara, na nyuma yake kuna ghala la bati ambamo zamani zilihifadhiwa singa, zile nyuzi za mkonge, zikisubiri treni. Mwaka juzi mjukuu wake, Yusta, aliingia humo na gitaa la umeme akafunga mlango.

Yusta alikuwa Dar, mwimbaji wa bendi ya roki. Alipotaka waimbe nyimbo alizotunga mwenyewe, kiongozi wa bendi, kijana mmoja aitwaye Abraham, alimwambia habari za mkonge hazina mnunuzi. Binti akalifunga gitaa kwenye blanketi akapanda basi. Ndani ya ghala alikaa miezi mitano. Gitaa alipiga yeye, besi yeye, ngoma yeye, na kurekodi ni yeye, kwa kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya debe la mahindi. Hakukuwa na kampuni wala mfadhili. Ikatoka albamu, akaiita *Singa*.

Mimi niliisikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya ghala, na nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Gitaa lake halina haraka. Linaanza chini kabisa, kama greda iliyowashwa ambayo bado haijaingizwa gia: unalisikia magotini kabla halijafika masikioni. Halafu inakuja sauti ya Yusta, nyembamba, haijarembwa, inasema jambo lake na kukaa kimya, na ule ukimya nao ni sehemu ya wimbo. Wimbo wa tatu unamhusu bibi yake, marehemu Grasiana, aliyefunga matita ya mkonge maisha yake yote. Yusta hasemi kwamba bibi aliteseka. Anataja vidole, kimoja baada ya kingine, na siku ambayo kila kimoja kilichomwa na mwiba, na kila akitaja kidole gitaa linanyamaza. Nimesikiliza muziki tangu redio za mbao, sijasikia mtu akifanya hivyo.

Siku alipoijaribu kwa sauti kubwa, lori la vitunguu lilikuwa linapita barabara ya Moshi. Dereva alizima injini asikilize, na alipoiwasha tena vitunguu vilikuwa vimeota majani. Kule mlimani Lutindi ukungu ulishuka mchana ili usikie vizuri, ukachelewa kurudi, na akina mama wa huko juu wakapata bahati ya kuanika nguo mpaka saa kumi.

Binadamu walikuwa wagumu kuliko ukungu. Mwandishi mmoja wa Dar aliisifu sana mtandaoni, akasema ni miaka hajasikia mwimbaji asiyeogopa ukimya. Yusta alitusomea mara mbili, na mara ya tatu Ponsiano aliomba mwenyewe. Lakini redio moja iliukatisha wimbo wa kwanza katikati ikaweka tangazo la sabuni. Vijana wa stendi ya Korogwe walisema haichezeki. Kisha Abraham akapiga simu: nafasi yake kwenye bendi ipo, ila sasa atasimama nyuma, awe mwitikiaji.

Yusta alituambia mimi na babu yake alivyoamua. Jumapili mchana ataipiga albamu yote, mwanzo hadi mwisho, katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi pale Korogwe mjini. Watu wa nyumbani wakitoka kabla haijaisha, Jumatatu anarudi Dar kuitikia. Aliyasema hayo huku anafuta nyuzi za gitaa kwa pindo la khanga, hajapandisha sauti hata kidogo.

Nikaenda Mazingara kutafuta watu. Kule, ukimpata dada yangu mkubwa, Mwaija, umepata kijiji kizima. Ukimkosa, hata mbuzi hawatakufuata. Mwaija aliuliza nyimbo zinahusu nini. Nikasema mkonge. Akasema wao wamelima mahindi tangu babu wa babu, mkonge wa watu wa Korogwe unawahusu nini, na huyo binti katutaja wapi sisi wa Handeni.

Hapo ndipo ulimi ulipotangulia. Nikamwambia katutaja kwenye wimbo wa tisa. Wimbo mzima ni wa Mazingara: kisima chetu kimo, mwaka wa ukame umo, na mwanamke mmoja shujaa ambaye jina lake silitaji, ila anafanana na mtu ninayeongea naye. Nikasisitiza kwamba ni wa mwisho kabisa, anayetoka mapema ameukosa.

Albamu ina nyimbo nane.

Kufikia Ijumaa, habari ilikuwa imefika Handeni mjini, tena imenona njiani. Awadhi, mnunuzi wa mahindi, aliniimbia ubeti wa pili wa ule wimbo, akanikosoa nilipokosea kuitikia. Jumapili zilikuja Fuso mbili zimejaa watu, Mwaija kakaa mbele kama mkuu wa wilaya.

Yusta alipanda jukwaani peke yake, na gitaa, na sanduku la mbao la kupigia mguu. Wimbo wa kwanza watu walitazama mlango. Wimbo wa pili mzee mmoja alisinzia. Ukaja ule wa vidole. Nilimwona Mwaija akigeuza viganja vyake juu ya mapaja na kuvitazama, na jirani yake akatazama vya kwake, na hivyo hivyo benchi zima. Kuanzia hapo hakuna aliyekohoa. Vijana wa stendi, waliokuja dirishani kucheka, waliacha kucheka, wakaingia ndani bila viatu kama wanaingia kusali. Wimbo wa nane unaisha kwa gitaa kufifia taratibu, mpaka hujui kama ni nyuzi zinazolia au ni masikio yako yanakumbuka. Ulipokwisha, hakuna aliyekuwa ametoka. Hata mmoja.

Yusta alishukuru, akasema ndiyo mwisho. Watu wakaendelea kukaa.

Mwaija akasema, "Mwanangu, bado wa tisa."

"Wa tisa upi, bibi?"

"Wetu wa Mazingara. Ndio tuliofuata."

Yusta alimtazama babu yake. Babu yake alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili. Awadhi, kwa wema wake, akasimama kumkumbusha binti ubeti wa pili.

"Sufiani," Ponsiano akaniita, "huu wimbo mjukuu wangu aliutunga lini?"

Nikajibu kwamba huenda ulipotelea kwenye kompyuta, unajua vyombo hivi. Ukumbi ukaguna. Lakini si mguno ulioniumiza. Yusta alikuwa amelegeza mkanda wa gitaa, anatafuta blanketi lake.

"Kumbe walikaa kwa ajili ya wimbo ambao haupo," alisema, wala si kwangu.

Nikasimama, nikasema ukweli, jambo ambalo ulimi wangu haujalizoea. Nikasema nyimbo ni nane, wa tisa niliutunga mimi uani kwa Mwaija ili mtu asitoke, na binti hana habari. Kuna waliocheka, kuna waliosonya. Mwaija alisubiri wote wamalize.

"Mimi huo wa tisa niliusahau tangu kwenye vidole," akasema. "Nimeukumbuka uliposema mwisho, kwa kuwa sikutaka iwe mwisho. Huyu mdogo wangu ni mwongo tangu hajaota meno, tutamalizana naye. Wewe rudisha mkanda. Turudie vidole."

Benchi la Mazingara likapiga makofi, la Korogwe likafuata, na vijana wa stendi wakapiga kwa nguvu kuliko wote. Yusta, aliyekwisha kulipata blanketi, akaliweka chini. Vidole vilirudiwa mara tatu, na mara ya tatu akina mama ndio waliotaja vidole na yeye akawafuata kwa gitaa. Jioni hiyo hiyo alimpigia Abraham mbele yetu, akamwambia atafute mwitikiaji mwingine.

Nilidhani nimesahaulika. Nilikuwa tayari nimeweka mguu mmoja kwenye Fuso.

"Mzigua, shuka," Ponsiano akasema. Mtani akikukamata na uongo mbele za watu, anachagua anachotaka kwako, na huna pa kushitaki. Alichagua beberu wangu mweusi. Nikakana kuwa na beberu. Mwaija, damu yangu, akatoa kichwa dirishani akamweleza amefungwa upande gani wa nyumba na anaitikia jina gani.

Jumatatu nilimpeleka beberu Mkumbara mwenyewe. Ponsiano akanipa kisu nichinje mimi Mwislamu, ili ndugu zangu Wazigua nao wale kwa amani, kwani alikuwa amewaalika wote. Yusta alipiga gitaa uani, watu wakala wakamaliza. Mimi nikapewa shingo, tena Ponsiano alisimama kando kuhakikisha sijaongezewa.