Mchawi wa Kimyakimya

Jumamosi ile Binamu alipoingia kwenye chumba cha pasi na kutangaza kwamba atacheza mchawi, Ngao aliweka kalamu chini, akajifuta jasho, akajua kuna mtu atakufa, na mtu huyo ni yeye.

Si kufa kwa kuzikwa. Kufa kwa mezani, ambako ni kubaya zaidi, maana unabaki hai na kuchekwa.

Nyuma ya bwalo la shule kulikuwa na chumba cha pasi, na ndani yake meza ndefu yenye alama nyeusi za pasi zilizosahauliwa. Kila Jumamosi baada ya usafi, wanafunzi wachache waliizunguka meza hiyo kucheza mchezo wa mashujaa. Mmoja, waliyemwita Msimulizi, alisimulia safari: mapango, majoka, wafalme wenye roho mbaya. Kila mmoja wa wengine alikuwa na shujaa wake, na kila shujaa alikuwa na karatasi iliyoandikwa nguvu zake, silaha zake na afya yake. Ukitaka kufanya jambo la hatari unalisema, unarusha dadu ya pande ishirini, na dadu inaamua kama umeweza au umeumbuka. Alama za pasi mezani zilikuwa maziwa na makorongo. Palipoungua zaidi palikuwa makao ya joka.

Ngao aliitwa Ngao kwa sababu ya shujaa wake, mpiganaji mwenye ngao pana kama mlango wa stoo. Alikuwa amemlea tangu kidato cha kwanza. Miaka mitatu! Wenzake wote walikwisha kufiwa, yeye bado. Na sheria ya meza ilikuwa moja, haina rufaa: shujaa akifa, mwenyewe huichana karatasi yake kwa mikono yake, mbele ya wote, na vipande huenda kwenye pipa la taka. Tabibu, mvulana mnene mchangamfu ambaye shujaa wake alikuwa mponyaji, alikwisha kuchana tatu. Zote alilia, ingawa alidai ni mvuke wa pasi.

Sasa kuhusu Binamu. Alikuwa binti wa shangazi yake Ngao, kahamia shuleni muhula huo, na wawili hao walikuwa watani tangu walipokuwa wakitambaa. Likizo moja Ngao alimtilia sabuni ya unga kwenye bakuli la sukari. Binamu alikunywa kikombe kizima cha chai huku akimtazama machoni, akafuta povu mdomoni, akasema, "Tamu." Basi. Miezi minane ilipita na hakufanya lolote. Anayelipiza siku hiyohiyo ni ndugu. Anayenyamaza miezi minane, huyo si wa kumpa mgongo.

"Kwa nini mchawi?" Ngao aliuliza. "Chukua mpiga upinde. Hatuna mpiga upinde."

"Mpiga upinde anahesabu mishale. Hapa tunahesabiwa soksi, shuka na dakika za kuoga. Nimechoka na hesabu."

"Basi cheza msomi wa uchawi," alisema Tabibu. "Yule mwenye kitabu."

"Yule kila asubuhi lazima asome kitabu chake ndipo aweze chochote. Tunaamshwa saa kumi na moja kujisomea, halafu Jumamosi nije kujisomea tena? Mimi nataka mchawi wa kuzaliwa. Hasomi, hakariri. Ameamka na uchawi wake."

"Afya yake ni sita," Msimulizi alionya.

"Sita!" Tabibu alicheka. "Huyo akirukiwa na kuku, kwisha."

"Ndiyo maana anajua kukaa nyuma ya watu," alisema Binamu, akamtazama Ngao kwa upole uliopita kiasi. "Halafu anajua kuupinda uchawi wake. Wachawi wengine lazima wapayuke na kupunga mikono kama wauza nyanya. Yeye akitaka, anaufanya kimyakimya. Hakuna anayejua kama amefanya, wala amemfanyia nani."

Mtu ambaye hajasema lolote kwa miezi minane alikuwa amechagua, katika kazi zote za dunia ile, kazi ya kutenda bila kusema.

Jambo lolote la siri katika mchezo liliandikwa kwenye kikaratasi na kupitishwa kwa Msimulizi, naye akishakisoma alikitafuna na kukitema dirishani, ushahidi usibaki. Kabla ya Binamu, vikaratasi vilikuwa nadra kama nyama bwaloni. Sasa kila vita vilipoanza, Binamu aliandika, akakunja, akapitisha. Msimulizi alisoma, akaandika kitu kwenye daftari lake, akatafuna.

"Umeandika nini?" Ngao aliuliza Jumamosi ya pili.

"Nimemsalimia."

"Kila dakika?"

"Nimelelewa vizuri."

Cha ajabu, shujaa wa Ngao hakuwahi kupigana vizuri kama wiki hizo. Mishale iliyomlenga ilimpunguzia afya mbili, tatu. Nyundo la jitu, ambalo lingebomoa ghala, lilimtoa nne tu. Siku ya jitu Ngao alipanda juu ya kiti na kuisifu ngao yake kwa sauti, mpaka mpishi akachungulia kuuliza nani ameungua. Lakini alipolala usiku alijiambia: mbuzi wa sikukuu naye hunenepeshwa.

Akaanza upelelezi. Alimvizia Msimulizi kwenye foleni ya uji.

"Kaka, mimi na wewe tumetoka mbali. Niambie tu, vile vikaratasi vinanihusu?"

"Kilichotafunwa kimetafunwa."

"Si ungetikisa kichwa tu?"

Msimulizi alichukua uji wake akaenda zake. Ngao alizunguka nyuma ya chumba cha pasi, akaokota madonge chini ya dirisha. Kwa shida na kinyaa alifumbua moja. Likasomeka neno moja tu: *asijue*.

Asijue nani? Asijue yeye! Ngao aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakaa pale mpaka kengele ikalia.

Ndipo alipokumbuka pete. Wiki iliyotangulia mashujaa walikuwa wameokota kaburini pete inayozuia uchawi wowote usimguse aliyeivaa. Tabibu aliitupia mfukoni, hakuna aliyeitaka. Jumamosi ya nne, kabla hata joka halijatajwa, Ngao aliandika kikaratasi chake cha kwanza katika miaka mitatu: *Namchomolea Tabibu pete mfukoni. Naivaa ndani ya glovu. Siivui.*

Msimulizi alisoma, akainua nyusi. "Uchawi wowote?"

"Wowote."

"Una hakika?"

Ngao alitabasamu. Msimulizi akikuuliza kama una hakika, maana yake umemharibia mpango. Alirusha dadu ya kuchomoa ikaja kumi na nane, na pete ikawa yake.

Wakashuka korongoni. Joka likaamka. Kama kawaida, Ngao alisimama mbele, Tabibu katikati, Binamu nyuma kabisa. Binamu akaandika kikaratasi. Msimulizi akakisoma, akasita, akatikisa kichwa. "Hakifanyi kazi." Binamu akakunja uso, akaandika kingine. Msimulizi akatikisa kichwa tena, akarusha dadu kwa ajili ya joka.

"Moto unampata Ngao. Afya thelathini na moja zimetoka."

Thelathini na moja! Alikuwa na arobaini na nne. Zimebaki kumi na tatu.

"Ngoja nikuponye," Tabibu aliharakisha, akarusha dadu. Ishirini kamili. Akaruka kwa furaha.

"Uponyaji haufanyi kazi," alisema Msimulizi.

"Ishirini haifanyi kazi? Toka lini?"

Binamu aliinuka taratibu. "Ngao. Umevaa nini?"

"Nguo."

"Umevaa ile pete?"

Ngao aliuficha mkono chini ya meza, kana kwamba pete ilikuwa kwenye kidole chake mwenyewe.

"Ivue," alisema Binamu. "Joka linavuta pumzi. Ivue sasa hivi."

"Ili unifanye nini?"

"Nikukinge, wewe! Nimekukinga mwezi mzima!"

"Ahaa. Mwezi mzima. Wewe. Mimi."

"Jamaa yangu, vua," Tabibu alimsihi. "Hata mimi siwezi kukuponya. Uponyaji wangu nao ni uchawi."

"Na wewe umo?" Ngao alimgeukia. "Amekupa nini?"

"Hajanipa kitu, nakuonea huruma tu!"

Msimulizi aliinua mikono yote miwili. Anayesita mezani huhesabiwa vidole kumi. Kimoja. Viwili. Ngao aliitazama karatasi yake, imelainika kwa kushikwa, ina doa la uji la kidato cha kwanza. Vinne. Akamtazama Binamu. Mbona leo anapiga kelele, mchawi wa kimyakimya? Mtego mzuri hupigiwa kelele ili uukimbilie. Saba. Lakini jasho lilikuwa likimtoka Binamu kwelikweli, na mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa meza. Jasho linaweza kuigizwa? La mtu wa kawaida, hapana. La huyu? Tisa.

"Sivui," alisema Ngao.

Dadu ikaviringika, ikapita ziwa, ikapita korongo, ikasimama. Msimulizi hakuhitaji kuisoma kwa sauti.

Kisha Msimulizi alifungua daftari lake na kuligeuza ili Ngao aone. Nyundo la jitu: ishirini na tisa, Binamu kapunguza ishirini na tano. Mshale: kumi na mbili, Binamu kapunguza kumi. Ukurasa mzima, na uliofuata, na uliofuata.

"Kwa nini hukusema?" Ngao aliuliza.

"Ungekubali kukingwa na mimi?"

"Hapana."

"Basi. Halafu siku ile ya jitu ulipanda juu ya kiti ukaisifu ngao yako. Nilirudi bwenini nikacheka mpaka nikauma shuka. Nikasema, raha hii siiharibu." Akaketi. Hakuwa akicheka sasa. "Ulidhani nitakufanya nini?"

"Kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ningekijua nisingeogopa."

Sheria ni sheria. Ngao aliichukua karatasi akaichana katikati, kisha mara nyingine, kisha vipande vikawa vidogo mno kuchanika. Tabibu alilaumu mvuke, na pasi ilikuwa haijawashwa. Binamu alilisukuma pipa karibu kwa mguu, akatazama pembeni vipande vilipodondoka.

Msimulizi alimpa karatasi mpya. "Shujaa gani sasa? Mpiganaji mwingine?"

Ngao aliifikiria ile ngao aliyoisifia juu ya kiti, ambayo haikuwa imezuia kitu. Alifikiria ukurasa ule wa hesabu: mtu mwenye afya sita, nyuma kabisa, aliyembeba wiki zote hizo na hakuomba hata asante.

"Mchawi wa kuzaliwa," alisema.

"Tayari tunaye," alisema Binamu, akimtazama kwa pembe ya jicho.

"Tutakuwa naye wa pili. Nitakaa nyuma, karibu nawe."

"Karibu kiasi gani?"

"Cha kuona unachoandika."

"Na mimi nione chako."

Walitazamana hivyo, mtu na binti wa shangazi yake, kila mmoja amefunika karatasi yake kwa kiganja. Msimulizi akatangaza kwamba joka bado li hai na lina njaa, akauliza ni nani atakayesimama mbele.

Wachawi wawili wakageuza vichwa kwa pamoja, wakamtazama Tabibu.