Miji Aliyoitoa Senkondo

Saa saba mchana Senkondo analala kwenye kibanda cha pampu, sikio juu ya bomba kubwa, maana ndivyo mafundi wa maji wanavyosikiliza uvujaji, na usingizi hauombi ruhusa. Bomba linalainika, linapata joto, naye yumo ndani, anatembea kwenye barabara nyekundu inayogawanyika mbili, na kila moja mbili tena, haina mwisho, na kila mji wa kulia una mwenzake kushoto, uleule, kama umetazamwa kwenye kioo. Mbele yake anakwenda mtu asiye na uso, begani kabeba spana ya kufungia koki, spana ya Senkondo mwenyewe. Hapa ni wapi, ndugu yangu? Ni kwa mkeo, anasema yule. Mkewe Naetwe amezikwa miezi mitatu iliyopita. Alianguka kutoka darini akishusha mahindi, akashika ubavu, akasema mimi mzima, nenda kazini mume wangu, bomba la sokoni limepasuka na watu hawana maji. Naye akaenda. Jamani, akaenda kweli.

Naomba nimwone, anasema. Utamwona, ila njia hii hulipiwa. Kitendawili. Tega. Nimefunga milango yangu ya nje, bado nasema sijambo. Senkondo jibu analo. Siku ile mikono ya Naetwe ilikuwa ya baridi, na jua linawaka, akamfunika blanketi akidhani ni homa, yeye fundi ambaye tangi likipungua hufunga koki za mitaa ya pembeni ili hospitali isikose maji. Lakini kulisema ni kukiri. Sijui, anasema. Basi nipe mji. Na Senkondo, kama tulivyocheza sote utotoni, anatoa mji kwa mdomo tu: chukua huo hapo. Asiye na uso anazungusha spana, na miji miwili, wa kulia na wa kushoto, inapauka na kupoa. Miji hiyo ni mikono ya Naetwe. Wanaendelea, barabara inambana mabega sasa, na mbali kuna ngoma inayokwenda mbio, kwa sababu mpigaji amebakiwa na damu kidogo ya kusukuma, basi anaisukuma harakaharaka. Shingoni mwa Naetwe walinzi wameweka viganja ukutani wakipima msukumo, na kila ukilegea wanaamuru, kaza njia, kaza. Kitendawili. Tega. Navuja, na sakafu yangu kavu. Miaka ishirini Senkondo anatafuta maji yanayopotea chini ya ardhi pasipo tone kuonekana, na hiki nacho anasema sijui. Nipe mji. Anatoa mji wa tumbo, nao unapoa.

Wanafika langoni kwa wazee wawili pacha, figo hao, wamekataa kutoa hata tone. Kila tone la maji, kila chembe ya chumvi, wanairudisha njiani, na wanatuma ujumbe juu: mwambieni anywe. Kitendawili, anasema asiye na uso. Tega. Nina mto ndani, nalilia kikombe. Hapo Senkondo analia. Ni kiu, anasema, kiu ya mke wangu, alikunywa vikombe vitatu mbele yangu nikamtania kwamba atamaliza maji ya wilaya nzima. Alikuwa anavuja damu ndani. Mwili wake ulifunga koki moja moja ili kichwa na moyo visikauke, apate kusema nami, nami nikasikia maneno nikaipuuza mikono. Nirudishie miji yangu. Umepata, anasema yule kwa upole, lakini mji ukishatolewa haurudi, ungejibu kile cha kwanza. Ngoma inaruka pigo moja. Inaruka jingine.

Fundi, amka. Mlangoni amesimama mama muuza ndizi wa sokoni. Bomba limepasuka, anasema, watu hawana maji. Jua ni lilelile la siku ile, maneno ni yaleyale, na Senkondo hajui kama ni miezi mitatu imepita au ni leo hii, saa saba, na Naetwe yuko jikoni ameshika ubavu. Anaiacha spana sakafuni. Fundi, sokoni ni huku, mama anamwita. Anashika njia ya nyumbani. Nyuma ya nyumba kuna kaburi, au hakuna, atajua akifika. Anakimbia akifikicha viganja vyake ili vipate joto.