Chiriku Hakusema

Jumanne, tarehe kumi na nne Julai. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri, na baridi ikapenya chini ya mlango. Kwa mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu, baridi si rafiki.

Mama alimaliza kusali, akasogeza cherehani pembeni na kupangusa meza ya kukatia vitambaa. Meza hiyo ndiyo ilikuwa darasa. Yeye mwenyewe alijifunza hesabu ukubwani, katika masomo ya jioni, na alichopata huko aliwapa wanawe asubuhi. Shule ilimshinda binti yake mkubwa: akihudhuria wiki moja, analazwa hospitali wiki ya pili; basi yeye na mdogo wake wakasomea nyumbani. Walimwita Chiriku kwa maneno yake mengi.

Nyumbani kulikuwa na sheria ya baba. Chiriku akisema anaumwa, vitabu vyake vinafungwa, analala. Mdogo wake anaendelea. Baba aliiweka kwa huruma. Lakini kwa sheria hiyo mdogo alishampita dada yake, na hakuacha kujigamba.

"Leo naanza sehemu," alisema. "Wewe dada baki na kujumlisha machungwa."

"Tunaanza wote, kibogoyo wewe."

Mama alimtazama binti yake. "Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Hata kichwa?"

"Buheri wa afya!"

Mama alikunja kipande cha kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Nichoreeni robo."

Kalamu ya Chiriku ikaanguka.

"Okota kalamu."

"Ninayo, mama."

"Acha mzaha. Okota."

"Si hii hapa mkononi?"

Mkono ulikuwa mtupu. Mama alipoinua macho, mdomo wa mtoto ulikuwa umekwenda upande.

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi. Kumbe kichwa kilikuwa kikimuuma Chiriku tangu jana yake. Wangemleta mapema, pengine mkono ungepona. Sasa daktari hakuweza kuwaahidi kitu.

Shangazi, dada wa baba, alifika na kanga begani. "Wifi, nilisema mimi. Cheti cha jioni hakijakauka wino, umeshajifanya mwalimu!"

"Dada, tosha," baba alisema. Kisha akamgeukia mkewe. "Lakini vitabu basi. Asiguse tena."

Chiriku akaanza kulia. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakatoka moja moja. "Ndiyo... maana... sikusema."

Muuguzi aliyekuwa akitandika shuka aliacha. Baba aliketi ukingoni mwa kitanda.

Mama alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mkono usiomjibu.

"Baba yako yupo," alisema kwa sauti. "Shangazi yako yupo, muuguzi anasikia, na Mungu anasikia. Ukisema inauma, kwanza ni dawa na hospitali. Halafu nitakaa kitandani kwako nikusomee, hata mstari mmoja, hata ukiwa umefumba macho. Na mdogo wako ataketi hapo hapo, asome huo huo mstari. Mwanangu, kusema hakutakunyima somo tena. Naahidi."